Bei ya nguru huwa habari lini?

Bei ya nguru ikipanda Malindi mwezi wa Juni, hiyo si habari. Kusi imekaza, bahari imechafuka, mashua ndogo zimevutwa juu mchangani, na kila mama karanga, yule mkaanga samaki wa kuuza, anajua samaki watakuwa adimu mpaka upepo ulegee. Bei hiyohiyo ikipanda Januari, kaskazi imetulia na vyombo vinatoka kila alfajiri, hapo pana jambo. Huenda mafuta ya mashine yamepanda. Huenda tajiri mmoja ananunua samaki wote na kuwapeleka hotelini. Huenda samaki wenyewe wamepungua. Nguru ni yuleyule na bei ni ileile. Kilichobadilika ni mwezi.

Wanafunzi wa uandishi hufundishwa kwamba mbwa akimuuma mtu si habari, mtu akimuuma mbwa ndiyo habari. Msemo huo una ukweli ndani yake, ila umepotosha vijana wengi, kwa kuwa umewafundisha kuwinda vituko. Kilicho muhimu pale ni kwamba habari huzaliwa mazoea yanapovunjika, na huwezi kujua yamevunjika kama huyajui. Mgeni akishuka Amu, yaani mji wa Lamu, leo atashangaa kuona punda wamejaa vichochoroni, apige picha, aandike. Mwenyeji hashangai. Lakini punda watano wakifa mtaa mmoja ndani ya wiki moja, mwenyeji ndiye wa kwanza kujua kwamba hilo si la kawaida, na mgeni huenda asilione kabisa.

Kwa hivyo kabla ya kujifunza kuandika aya ya kwanza, jifunze kalenda ya mahali. Kusi na kaskazi. Mvua za mwaka na za vuli. Ramadhani, ambapo bei ya tende, nazi na viazi hupanda kila mwaka. Maulidi ya Lamu katika Mfungo Sita, wageni wanapojaa na vyumba kukosekana. Msimu wa watalii Malindi: hoteli nyingi hufungwa baada ya Pasaka na kuwarudisha wafanyakazi nyumbani, kisha zikafunguliwa katikati ya mwaka. Hoteli kufungwa Mei si habari. Hoteli kutofunguliwa Agosti ni habari kubwa, kwa sababu nyuma yake wamo wapishi, madobi, wauza vinyago, madereva wa tuktuk na mwenye duka anayewakopesha wote hao.

Tuifuate bei ya nguru mpaka mwisho, maana hapo ndipo waandishi wengi huteleza. Usichukue bei ya diko moja, yaani pale wavuvi wanaposhusha samaki. Pita angalau matatu, kwa mfano Mayungu, Shela ya Malindi na Ngomeni. Kila diko uliza bei tatu: anayopata mvuvi, anayouzia tajiri, na anayolipa mnunuzi wa mwisho sokoni. Mara nyingi habari imo kwenye pengo kati ya bei hizo. Kisha mtafute karani wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko, kwa sababu vikundi hivyo huandika samaki wanaoshushwa kila siku, aina na uzani. Omba kuona daftari la mwezi huu na la mwezi kama huu mwaka uliopita. Kulinganisha Januari na Desemba kunasaidia kidogo. Kulinganisha Januari na Juni ni kosa, maana utakuwa unapima upepo.

Makosa mengine ni haya. Mwandishi hulinganisha bei ya samaki mzima na bei ya vipande. Au bei ya asubuhi, chombo kikiwa ndio kwanza kimefika, na bei ya jioni ya samaki waliobaki. Kosa kubwa kuliko yote ni kumwamini mvuvi mmoja bila kumuuliza kama ana deni. Mvuvi aliyekopeshwa mashine au nyavu na tajiri humuuzia tajiri huyo chini ya bei ya soko. Bei yake haikuambii soko linaendaje. Inakuambia ana deni kiasi gani. Na ukikuta wavuvi wengi wa diko moja wako hivyo, iache bei, andika deni. Hiyo ndiyo habari iliyokuwa imejificha.

Kabla ya kupiga simu kwa mhariri, andika sentensi moja isiyozidi maneno 25. Tuseme: “Bei ya nguru Malindi imepanda kwa shilingi 200 kwa kilo katikati ya kaskazi, wavuvi wakisema mafuta ya mashine yamewafanya wapunguze safari.” Ndani yake mna kilichobadilika, kinachoshangaza, anayesema, na sababu. Ukijikuta unaongeza “na pia”, una habari mbili, chagua moja. Ukishindwa kuiandika bila maneno kama “suala la” au “changamoto za”, bado hujapata habari, umepata mada. Mada ni uvuvi. Ikishaitwa mada, hakuna mhariri atakayeipa nafasi, na hatakuwa amekosea.

Sentensi hiyo ijaribu kwa maswali matatu: nini kimebadilika, kimembadilikia nani, na kwa nini nisikie leo na si wiki ijayo? La pili ndilo linalosahaulika. “Serikali ya kaunti imepitisha bajeti” imekosa mtu. “Zahanati ya kijiji fulani haikutengewa dawa katika bajeti iliyopitishwa jana” ina mtu, hata kabla hujamtaja.

Mwaka 1965 watafiti wawili wa Norwe, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walichapisha uchunguzi wa jinsi magazeti manne ya kwao yalivyoripoti migogoro ya Kongo, Kuba na Saiprasi. Walitaja mambo 12 yanayofanya tukio lichaguliwe: ukubwa wake, mshangao, ukaribu, kuhusika kwa watu wakubwa au nchi kubwa, ubaya wake, na mengineyo. Orodha hiyo imezaa orodha nyingi zinazofundishwa hadi leo. Tatizo ni kuwa inafundishwa kama amri, ilhali ilikuwa maelezo ya jinsi habari zinavyochaguliwa, pamoja na upendeleo uliomo. Ukiifuata kama amri, Kiunga, kule mpakani na Somalia, haitaingia gazetini mpaka damu imwagike.

Lililo na manufaa zaidi kwetu katika orodha hiyo ni jambo la kasi. Tukio linaloanza na kuisha ndani ya siku moja hulingana na chombo cha habari kinachotoka kila siku, kwa hivyo huchaguliwa. Jambo linalochukua miaka kumi hupita bila kuonekana ingawa ni kubwa mara mia. Na mambo makubwa ya mwambao huu karibu yote ni ya polepole. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mkoko haukatwi wote siku moja. Ardhi haichukuliwi siku moja. Ufuo hauliwi na bahari siku moja, wala kisima cha Gongoni au Marereni hakigeuki chumvi usiku mmoja.

Jambo la polepole litafutie siku yake. Siku hiyo yaweza kuwa ya karatasi: leseni imetolewa, ripoti imetoka, kesi imeamuliwa. Yaweza kuwa ya kwanza au ya mwisho: familia ya mwisho kuhama, kisima cha kwanza kufungwa. Au waweza kuitengeneza mwenyewe kwa kupima, na hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa sababu hakuna ofisi inayoweza kukunyima. Chagua kitu kisichosogea karibu na ufuo, ukuta wa msikiti au nguzo ya zege. Chukua utepe wa mita 50. Pima kutoka hapo hadi maji yalipofika yakijaa, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, wakati wa bamvu, maji yanapojaa kupita kawaida. Piga picha ukisimama mahali palepale, ukielekea upande uleule. Rudia kila mwezi, bamvu kwa bamvu. Ukipima mwezi huu katika bamvu na mwezi ujao katika maji mafu, yasiyojaa sana, utaandika kwamba ufuo umerudi, nao haukurudi. Baada ya miezi 12 utakuwa na nambari ambayo hana mtu mwingine, pamoja na kusi moja na kaskazi moja ndani yake, kwa sababu mchanga wenyewe huhama kwa msimu.

Sasa ukaribu. Hiki ndicho kipimo kinachoumiza waandishi wa Lamu na Malindi zaidi, kwa kuwa wanapimiwa na dawati lililo Nairobi. Kwa dawati hilo, Lamu huwa karibu pakiwa na shambulio, mtalii au kiongozi wa taifa. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipoanza kazi Mei 2021, habari ilikuwa meli, rais na biashara na majirani. Yote kweli. Lakini kwa aliyezaliwa Amu au Pate, habari ya bandari hiyo ilikuwa imeanza zamani, maeneo ya kuvulia yalipochimbwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Bilioni 1.76 ni nambari isiyoingia akilini mwa mtu. Igawanye. Kwa wavuvi 4,600 inatoka kama shilingi 383,000 kwa kila mmoja, ukichukua wastani tu, maana fidia haigawanywi sawa kila mara na lazima useme hivyo. Sasa msomaji anaweza kuuliza: hiyo inanunua mashine ya boti? Inachukua nafasi ya miaka mingapi ya uvuvi? Kugawanya nambari kwa watu ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuileta habari karibu, na hufanywa na waandishi wachache mno. Na hukumu haikuwa mwisho wa habari. Nani yumo kwenye orodha ya wavuvi? Nani ameachwa, na wanawake wanaouza samaki bila kuingia baharini wanahesabiwa vipi? Pesa zinatoka mfuko gani? Kila swali lina siku yake ya kuwa habari.

Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Linalofaa kukumbukwa na mwandishi hapo ni hili: uzito wa jambo lote uliegemea mikutano. Mikutano ambayo wengi wetu tungeiona haina habari. Ukienda baraza la kushirikisha umma, hesabu watu, andika saa lilipoanza na kuisha, lugha iliyotumika, kama karatasi zilizogawiwa zilikuwa za Kiswahili, maswali yaliyoulizwa na yaliyojibiwa. Piga picha orodha ya mahudhurio ukiruhusiwa, bila kuchapisha namba za simu za watu. Huenda isichapishwe siku hiyo. Miaka mitatu baadaye yaweza kuwa ndiyo habari.

Kuna kichwa cha habari ningependa kisionekane tena: “Wakazi walalamikia barabara mbovu.” Wakazi gani? Tangu lini? Kimejaa uvivu, na kinawadhulumu wale wanaolalamika, maana kinawafanya waonekane watu wa kunung’unika tu. Weka nyumba ngapi zimekatika, mgonjwa huchukua muda gani kufika hospitali ya Malindi sasa na alichukua muda gani awali, nani aliahidi, tarehe gani, kwa mkataba wa kiasi gani. Ukikosa hata kimoja cha hivyo, rudi uwanjani.

Ndugu yake kichwa hicho ni “Mheshimiwa asema.” Hotuba ni habari inapoamua jambo, inapopinga aliyoyasema mwenyewe mwezi uliopita, au inapofichua. Vinginevyo ni sauti tu. Semina, uzinduzi na ugavi wa vyakula hupimwa hivyohivyo. Na nauli inayogawiwa waandishi mwishoni mwa hafla isichanganywe na thamani ya habari: kama hafla isingeandikwa bila nauli, isiandikwe.

Nakuja kwa jambo zito. Machi 2023, Malindi, kulikuwa na kesi ya watoto wawili waliodaiwa kufa kwa kunyimwa chakula. Ukiisoma peke yake, ni habari fupi ya ukurasa wa ndani. Aprili makaburi ya waumini waliodaiwa kufunga hadi kufa yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, na miili iliyotolewa ikapita 400. Yaliyo ya mahakama yaachiwe mahakama. Kwa mwandishi, funzo ni la dalili. Watu walikuwa wakiacha kazi, wakiuza mali, wakiwatoa watoto shuleni, jamaa wakiwatafuta ndugu zao waliokwenda kuishi porini. Kila dalili moja ilionekana ni jambo la familia au la imani, na mwandishi huogopa kuingilia imani. Dalili tatu za aina moja kutoka familia zisizojuana si jambo la familia tena. Weka daftari la habari ndogo, andika tarehe, kijiji na aina ya jambo, ulisome upya kila mwisho wa mwezi. Vitu vikubwa huonekana humo kabla ya kuonekana kwingine popote.

Daftari hilohilo ndilo linalofaa kwa mauaji ya wazee wanaosingiziwa uchawi katika Kaunti ya Kilifi. Tukio moja huandikwa kama kisa cha ajabu kijijini. Yakiwa matatu katika lokesheni moja ndani ya mwaka, swali linakuwa: mashamba ya wazee hao yako wapi na nani anayarithi? Mara nyingi ugomvi wa shamba umo. Na usiandike “mchawi” wala “mshukiwa wa uchawi”. Neno hilo hubaki kwa mjane na watoto, na linaweza kumletea mwingine panga. Andika jina lake kwa idhini ya jamaa, umri wake, kazi aliyofanya, na kwamba ameuawa.

Habari ikiwa ya haraka, kipimo hubaki kilekile ila hatari ni kubwa. Chombo kimezama karibu na Mkanda, mlango wa bahari huko Lamu, tuseme. Ndani ya nusu saa utakuwa na idadi nne za waliokufa. Boti nyingi hazina orodha ya abiria, kwa hivyo hakuna anayejua walikuwa wangapi. Anayekutajia idadi kamili mapema anakisia. Mpigie nahodha au mwenye chombo akuambie huwa kinabeba wangapi, mkuu wa kituo cha polisi, hospitali, na mtu wa BMU ya karibu. Andika idadi pamoja na aliyeitoa na saa aliyoitoa: “kufikia saa kumi jioni, hospitali ilikuwa imepokea miili mitatu.” Sentensi hiyo itabaki kuwa kweli hata idadi ikiongezeka usiku. Majina yasubiri jamaa waambiwe.

Vyanzo viwili vilivyosoma kundi moja la WhatsApp ni chanzo kimoja. Muulize kila mmoja: uliona mwenyewe, au uliambiwa? Picha ikiletwa, tazama kivuli, maji yamejaa au yamekupwa, na jina la chombo ubavuni. Ikidaiwa ni ya leo saa nne asubuhi na maji yako tofauti na jedwali la maji la siku hiyo, si ya leo. Kwa habari za usalama upande wa msitu wa Boni, usitaje njia wala saa ya doria, hata kama umezijua kwa haki. Na kumbuka sheria ya 2018 ya makosa ya mtandao: ilipopitishwa, taarifa ya uongo iliyotolewa kwa makusudi iliwekewa faini ya hadi shilingi milioni 5, na ikizua taharuki au kumchafulia mtu jina, kifungo cha hadi miaka 10; uliza vifungu hivyo vimesimama vipi leo. Kosa la haraka huanza kuonekana kama la makusudi usipolisahihisha mara tu unapolijua.

Kwa redio, sekunde 30 za Kiswahili ni kama maneno 55 hadi 65, jipime kwa saa. Hutaweza kuingiza kila kitu. Acha cheo kirefu cha afisa kabla ya kuacha idadi.

Habari nyingi za kaunti zina tarehe zake, ziweke ukutani. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Mwaka wa fedha huisha Juni 30, na Mkaguzi Mkuu ana miezi 6 ya kutoa ripoti, yaani hadi mwisho wa Desemba. Ripoti ikitoka, usianze na jumla. Tafuta kijiji unachokijua, mradi ulioandikwa umelipiwa, upande bodaboda ukautazame.

Usipoupata mradi huo, andika barua ya kuomba rekodi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili. Taja karatasi moja moja: mkataba, hati ya malipo, cheti cha kukamilika kwa kazi. Ukiandika “taarifa zote kuhusu zahanati” utajibiwa kwa kipeperushi. Peleka nakala mbili, yako ipigwe mhuri na tarehe ya kupokelewa. Ofisi ina siku 21 za kujibu, inaweza kuongeza 14 mara moja tu kama rekodi ni nyingi. Na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Afisa akikuambia kwa mdomo kwamba rekodi hizo hazipo, mwombe akuandikie. Zahanati iliyolipiwa, isiyoonekana, na ambayo ofisi imethibitisha kwa maandishi kwamba haina karatasi zake, hiyo ipeleke kwa mhariri siku hiyohiyo.